SOMO: Kufufua moteri ya zamani ya mwendo wa polepole



Katika koperative nyingi tunazotembelea, nyuma ya depo kuna moteri ya zamani. Iko na magurudumu mawili mazito, moja kila upande. Imejaa kutu, na kuku wanataga mayai chini yake. Wazee wanaikumbuka vizuri: ilisaga mahindi na mihogo ya kijiji kizima, na sauti yake, tu-tu-tu, ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Leo wanunuzi wa mitraye wanapita na mizani yao, wanataka kuinunua kwa kilo. Komite inajiuliza: tuiuze, ao tuijaribu?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: msiiuze kabla ya kuichunguza, na msiiwashe kabla ya kuisafisha. Mara nyingi moteri hizi haziuawi na kulala miaka mingi. Zinauawa na haraka ya siku ile ya kuziamsha.

Moteri ya polepole ni nini?

Ni moteri ya mazutu, mara nyingi ya pistoni moja, inayozunguka polepole. Ile inayojulikana zaidi duniani ni Lister CS. Ilitengenezwa katika mji wa Dursley, Uingereza, tangu karibu mwaka 1930 mpaka 1987. Ile ya nguvu za farasi 6 inazunguka mara 650 kwa dakika. Pistoni yake iko na upana wa milimita 114, na inapanda na kushuka milimita 140. Wahindi wa mji wa Rajkot walianza kuiiga, na moteri zao pia zimefika Afrika. Hiyo ni bahati kwetu, juu vipuri vyake bado vinatengenezwa. Lakini kabla ya kununua kipuri, pimeni kile cha zamani, sababu havilingani vyote.

Linganisheni na moteri ndogo za siku hizi, zinazozunguka mara 2000 kwa dakika ao zaidi. Katika saa moja, moteri ya mara 650 inazunguka mara 39.000. Ile ya mara 2000 inazunguka mara 120.000. Mwendo mdogo unapunguza kusuguana kwa vyuma. Ndiyo maana moteri nzuri ya polepole inaweza kumtumikia baba na kisha mtoto wake.

Kule Uingereza kuna watu wanaofufua moteri hizi kwa kupenda tu. Wanazitoa katika majumba ya zamani ya mashamba, wanazisafisha, wanazipaka rangi, kisha wanazipeleka kwenye maonyesho. Huko zinazunguka kutwa nzima, hazisagi hata punje moja ya mahindi. Mkulima wa kwetu anaweza kucheka. Lakini watu wale wako na kitu kimoja ambacho sisi hatuna: hakuna mama anayewangoja na karaye ya mahindi. Wanaweza kuipa moteri wiki tatu, hata mwaka. Na moteri zilizozaliwa mbele ya uhuru wetu zinawaka mikononi mwao.

Kosa letu wenyewe

Miaka iliyopita, katika koperative moja, tulikuta moteri ya namna hii imekwama. Mavuno ya mahindi yalikuwa yanakaribia, wanamemba walikuwa wanangoja, na sisi tulitaka kuwafurahisha. Asubuhi tulimimina mafuta kidogo katika silinda. Saa nane vijana waliingiza chuma kirefu katika gurudumu, wakasukuma wote pamoja. Gurudumu likageuka, watu wakapiga makofi. Kumbe ndani pete za pistoni zilikuwa zimevunjika, na vipande vyake vilikwangua silinda. Jioni moteri iliwaka dakika chache, ikatoa moshi wa bluu, kisha ikazimika moja kwa moja. Msimu ule mama wa kijiji walibeba mahindi kichwani mpaka mashini ya kijiji kingine.

Moteri ile ilikuwa imelala miaka mingi bila kuharibika. Sisi tuliiharibu kwa siku moja. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Hatua ya 1: Kuchunguza kabla ya kugusa

Chukueni kaye na biki. Andikeni yote yaliyo kwenye kibati cha moteri: jina, namba, nguvu, na mizunguko kwa dakika. Kibati hicho msikipake rangi.

Kisha angalieni vitu vitatu vikubwa:

1. Magurudumu mazito. Gongeni kila moja kwa nyundo ndogo. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Gurudumu lenye ufa halitumiki tena hata kidogo, na msikubali fundi aliungishe kwa moto.
2. Mwili wa silinda na kichwa cha moteri (kulase). Tafuteni nyufa, zaidi sehemu ambapo maji yanapita.
3. Ekseli kubwa inayobeba magurudumu. Kama imepinda ao imevunjika, gharama itapita faida.

Kama vitu hivi vitatu ni vizima, moteri iko na matumaini. Pete za pistoni, supape, injekteri, tiyo na karatasi za kuzibia vinaweza kutengenezwa ao kununuliwa. Kama kimoja kati ya vile vitatu kimevunjika, wekeni moteri ile iwe ya kutolea vipuri, ao iuzeni bila huzuni.

Hatua ya 2: Kuilegeza

Ondoeni injekteri. Kwa tundu lake mimineni mazutu iliyochanganywa na mafuta ya moteri, nusu kwa nusu, kikombe kimoja. Funikeni tundu kwa kitambaa safi. Kila siku ongezeni kidogo, na jaribuni kusukuma gurudumu kwa mikono tu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Fanyeni hivyo siku tano, siku kumi, hata zaidi.

Msitumie chuma kirefu. Msiivute na pikipiki wala gari. Pete za pistoni ni za chuma kinachokatika kama kigae: hazipindi, zinavunjika.

Ikikataa baada ya wiki mbili, mwite fundi aondoe kulase. Atasafisha kutu iliyo juu ya pistoni, kisha atagonga pistoni taratibu akiweka kipande cha mti mgumu katikati. Nyundo isiguse pistoni yenyewe.

Hatua ya 3: Kusafisha ndani

Toeni mafuta yote ya zamani. Fungueni mlango wa sanduku la chini na mpanguse matope yote meusi kwa vitambaa visivyotoa nyuzi. Katika moteri nyingi za aina hii, kijiko kidogo chini ya mkono wa pistoni kinarusha mafuta kwenda sehemu zote. Kama kijiko hicho kimevunjika, moteri itakauka na kuungua hata kama mafuta yamejaa. Wekeni mafuta mapya ya moteri ya mazutu, ya namba ambayo kitabu cha moteri kinataja.

Safisheni tangi ya mazutu na badilisheni chujio. Adui mkubwa wa pompi ni maji na mchanga kutoka bidoni chafu. Acheni mazutu itulie siku moja, kisha chukueni ya juu tu. Ile ya chini, yenye maji na uchafu, msiimimine katika tangi.

Baada ya hapo, toeni hewa katika njia ya mazutu. Legezeni kwanza skurubu ya chujio mpaka mazutu itoke bila povu, kisha ya pompi, na mwisho tiyo inayoingia kwenye injekteri.

ANGALISHO. Fundi akijaribu injekteri nje ya moteri, mazutu inapaswa kutoka kama ukungu, si kama mkojo wa mbuzi. Mtu yeyote asiweke mkono mbele yake. Mazutu hiyo inatoka na nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini. Hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, mpelekeni mtu hospitali saa ileile. Anaweza kupoteza mkono.

Hatua ya 4: Maji ya kupoza

Moteri nyingi za polepole zinapozwa na maji ya pipa la litri 200, bila pompi. Maji ya moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka. Basi tiyo ya chini ya pipa iende chini ya silinda, na tiyo ya juu ya moteri irudi juu ya pipa ikipanda kidogo kidogo. Maji katika pipa yafunike mdomo wa tiyo ya juu saa zote. Yakishuka chini yake, mzunguko unakatika na moteri inaungua wakati pipa bado linaonekana na maji.

Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima chenye chokaa. Na kama moteri imepata joto kali, msimwage maji ya baridi juu yake. Punguzeni mzigo, izimeni, ngojeni ipoe. Kulase ya moto ikikutana na maji ya baridi inapasuka.

Hatua ya 5: Kusikiliza pumzi

Rudisheni injekteri. Zungusheni gurudumu kwa mkono mpaka likatae. Moteri yenye pumzi nzuri inarudisha gurudumu nyuma kama mpira. Kama gurudumu linapita tu na mnasikia «fsss», sikilizeni sauti inatoka wapi:

- Mahali pa kuvuta hewa: supape ya hewa haifungi.
- Katika bomba la moshi: supape ya moshi haifungi.
- Katika sanduku la mafuta chini: pete za pistoni ao silinda zimekwisha.

Supape inaweza kusuguliwa tena na unga wa kusugulia kwa saa chache. Pete zinadai kufungua moteri. Kwa hiyo sauti hiyo ndogo inaiambia komite gharama itakuwa kubwa ao ndogo, mbele ya kutumia franka moja.

Hatua ya 6: Kuwasha

Mbele ya kuwasha, kila mtu aliye karibu ajue namna ya kuzima: kukata mazutu kwenye pompi. Na kama moteri inakimbia ovyo na haisikii, fungeni tundu la kuvuta hewa kwa ubao uliotayarishwa, si kwa mkono.

- Mkanda wa mashini uondolewe. Moteri iwake bila mzigo.
- Kitenge, kamba ya koti, skafu: vyote vifungwe vizuri ao vivuliwe. Gurudumu halichagui.
- Watoto wakae mbali, na mtu asisimame usawa wa gurudumu.
- Milango iwe wazi na bomba la moshi litoke nje ya nyumba. Moshi wa moteri unaua katika chumba kilichofungwa.

Mwenye kuzungusha manivele aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asikizungushie mkono. Moteri ikipiga nyuma, manivele itamtoka bila kumvunja. Mwenzake anainua supape ya moshi kwa kishikio chake. Wakifika mwendo mzuri, anaachia kishikio, na moteri inawaka. Manivele ikibaki imeshikana wakati moteri inazunguka, msijaribu kuikamata. Ondokeni karibu nayo na kateni mazutu.

Mara ya kwanza iendeshwe dakika kumi tu. Zimeni, angalieni mafuta, maji, na kama kuna skurubu iliyolegea. Kesho yake nusu saa. Baada ya saa kumi za kazi, badilisheni mafuta tena, sababu yamebeba uchafu wote wa miaka ya usingizi.

Mwendo na puli: mahali wengi wanakosea

Hapa tunaomba msome mara mbili. Koperative fulani inaondoa moteri ndogo ya mara 2000 na kufunga moteri ya polepole, lakini inaacha puli zilezile. Mashini inazunguka kidogo, unga unatoka mbaya. Basi fundi anakaza kidhibiti cha mwendo ili moteri ikimbie. Hilo ni jambo la hatari kubwa. Mwendo wa gurudumu ukizidishwa mara mbili, nguvu inayotaka kulipasua inakuwa mara nne. Gurudumu likipasuka, vipande vyake vinatoboa ukuta.

Moteri ibaki na mwendo ulioandikwa kwenye kibati. Badilisheni puli. Hesabu ni rahisi:

mizunguko ya moteri × upana wa puli ya moteri = mizunguko ya mashini × upana wa puli ya mashini

Mfano: moteri ya mara 2000 ilikuwa na puli ya sentimita 15, na mashini iko na puli ya sentimita 10. 2000 × 15 = 30.000. Gawanya kwa 10: mashini ilizunguka mara 3000. Sasa moteri mpya ni ya mara 650. 30.000 ÷ 650 = karibu 46. Basi puli ya moteri iwe ya sentimita 46.

Lakini puli haiongezi nguvu. Mashini iliyodai moteri ya farasi 12 haitaenda vizuri na moteri ya farasi 6, hata puli iwe kubwa namna gani. Tafuteni mashini inayolingana na moteri yenu, ao lisheni mahindi kidogo kidogo.

Kila siku kazini

Moshi ni barua ya moteri. Moshi mweusi: mzigo umezidi, ao injekteri ni mbaya, ao hewa haiingii vizuri. Moshi wa bluu: moteri inakula mafuta yake yenyewe. Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata joto: mazutu haiungui yote, ao maji yanaingia ndani.

Watu wa Uingereza wanaendesha moteri zao bila mzigo kwa kufurahi. Sisi tusifanye hivyo muda mrefu, maana masizi yanajaa ndani. Ngojeni wateja wawe wengi, ndipo mwashe.

Katika kaye ya moteri andikeni kila siku: saa za kazi, litri za mazutu, mafuta yaliyoongezwa, kilo zilizosagwa, pesa iliyoingia, na matengenezo. Moteri ya farasi 6 ikibeba mzigo wote inakula karibu litri 1 na nusu kwa saa. Hesabu ya kuangalia zaidi ni hii: kilo ngapi kwa litri moja? Namba hiyo ikianza kushuka wiki kwa wiki, moteri inawaambia iko mgonjwa, ao mtu anachota mazutu. Kaye haimshitaki mtu, lakini inawaonyesha wapi pa kuangalia.

Na kila saa ya kazi, keshie aweke pembeni kiasi fulani cha vipuri. Moteri ya zamani isiyokuwa na sanduku lake la pesa itarudi nyuma ya depo, kwa kuku.

Tunaulizwa mara nyingi: je, tunaweza kutumia mawese?

Ni kweli kwamba katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900, moteri moja ya Diesel iliendeshwa na mafuta ya karanga. Lakini mawese yanaganda yakipoa, yanaziba chujio na injekteri. Wanaoyatumia wanayachuja na kuyapasha moto kwanza, na wanawasha na kuzima moteri kwa mazutu. Kwa moteri mliyoifufua kwa shida, tunawashauri mazutu safi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Moteri yetu ya zamani: magurudumu, silinda na ekseli ni vizima? Nani atachunguza, na siku gani?
2. Tuko tayari kuipa wiki mbili za kulegea, hata kama mavuno yako karibu?
3. Nani atashika kaye, na nani mwingine ataisoma kila mwisho wa mwezi?
4. Moteri ya mara 650 iko na puli ya sentimita 40. Mashini inataka mara 2600. Puli ya mashini iwe ya sentimita ngapi? (Jibu: 10.)

Mnunuzi wa mitraye akirudi kabla hamjamaliza maswali haya, mwambieni angojee. Chuma hakiozi kwa wiki mbili. Na kama baada ya kuchunguza mnaona ni lazima kuuza, mtauza mkijua mnachouza.